Mrija Usio na Pete

Pale kituoni walimwita Inspekta Kikohozi, na wala hakuwa mgonjwa. Ilikuwa tabia tu. Akikaribia swali ambalo mtu hangependa kuulizwa, koo lilimwasha, akakohoa kidogo ndani ya ngumi. Wahalifu wazoefu walishamjua. Wakisikia "khu, khu" walianza kuulizia wakili. Asubuhi ile alikuwa amesimama ndani ya chumba baridi cha maabara kwa muda mrefu, meno yanagongana, na koo lake lilikuwa kimya kabisa. Hilo lilimkera.

"Nieleze tena," alimwambia Profesa. "Taratibu. Mimi kemia niliiacha shuleni, na yenyewe ikashukuru."

Profesa alikuwa mzee mrefu mwenye shingo ya kuchungulia. Kila akiulizwa jambo alitazama dari kwanza, na Inspekta hakupenda watu wanaosoma majibu darini.

"Kila seli ina ngozi nyembamba ya mafuta," alianza Profesa. "Lakini mafuta hayo hayako sawasawa. Umewahi kuona mchuzi uliopoa? Juu kunakuwa na mabaka mazito yanayoelea pamoja."

"Naona kila siku, kwenye sahani ya Sajini."

Sajini, jitu la miraba minne lililoziba mlango wote, alijifanya hakusikia.

"Sasa mabaka hayo tunayaita vyelezo. Seli za kinga, hao askari wa mwili, hubeba vipokezi vya kumtambua adui. Adui akija, vipokezi hukusanyika kwenye chelezo kimoja, bega kwa bega, ndipo kengele inalia. Bila vyelezo kila kipokezi kinabaki peke yake, kinanong'ona, hakuna anayesikia. Adui anaingia mchana kweupe na kukaa sebuleni."

"Na kengele ikilia ovyo?"

"Askari wanawapiga hata wenye nyumba. Huo ni ugonjwa mwingine. Kinga ni kipimo, afande. Isizidi, isipungue."

"Na huyu mtoto?"

Profesa akatazama dari. "Hana vyelezo. Nimempima mwenyewe."

"Mwenyewe," alirudia Inspekta. "Peke yako?"

"Peke yangu."

Hapo ndipo penye kesi. Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa miaka minne, ambaye tangu azaliwe alikuwa hajapona kifua hiki anaugua kingine. Mwezi uliopita alipimwa mara ya kwanza hapa hapa, na jibu likawa zuri: seli zake zina vyelezo, kinga yake nzima, arudi nyumbani. Akarudi nyumbani, na siku si nyingi akaletwa hoi na nimonia. Profesa akapima upya, jibu likageuka kichwa chini miguu juu. Daktari wa wodi naye akasema iliyobaki ni njia moja: kuunguza uboho wote wa mtoto, ule ute wa mifupani unaozaa damu, kwa dawa kali na kumpandikiza wa kaka yake.

Mama mtu ndiye aliyefika kituoni. Alikuja na mfuko wa nyuzi na sindano za kufumia, akakaa, akafuma hadi zamu yake ilipofika. Kisha akasema bila kupaza sauti kwamba Profesa amemzulia mwanawe ugonjwa ili apate kuandika makala na kujulikana duniani. "Wa kwanza alisema mzima," alisema. "Wa pili anasema mgonjwa. Mmoja wao ni mwongo, na ninyi ndio mnaojua waongo."

Daktari wa wodi, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, hakuzunguka. "Afande, kama ni mzima, dawa hizo zitamuua bure. Kama ni mgonjwa na mimi nangoja, kifua kitamuua. Nipe jibu kesho asubuhi. Zaidi ya hapo sina."

Kwa hiyo Inspekta alikuwa anatetemeka kwenye chumba baridi huku ana roho ya mtoto wa watu mkononi.

"Nionyeshe jinsi ya kuharibu kipimo," alisema.

Profesa alishtuka. "Kuharibu?"

"Ndiyo. Ningetaka mtoto mzima aonekane hana vyelezo, ningefanyaje?"

Aliyejibu ni fundi wa maabara, dada mwembamba aliyekuwa akipanga mirija kwenye ndoo. Kwa kuwa hakuachana na ile ndoo ya barafu kuanzia asubuhi hadi jioni, maabara nzima ilimwita Barafu. Yeye ndiye aliyefanya kipimo cha kwanza.

"Rahisi tu, afande," alisema. "Seli tunazivunja kwa dawa fulani kama sabuni. Ikiwa baridi sana, inayeyusha ngozi yote ya seli, ila vyelezo vinaishinda. Ni kama sufuria ya mafuta ukiiosha kwa maji baridi, mafuta yanagoma. Tukishavunja, tunaweka chini ya maji ya sukari, tunazungusha kwenye mashine usiku kucha. Vyelezo vinapanda juu, vinafanya pete nyeupe. Sasa sabuni ikipata joto, inakula kila kitu. Hupati pete."

"Joto la jiko?"

"Hata la kiganja. Ukiushika mrija nje ya barafu ukapiga soga kidogo, umekwisha."

Alisema hivyo akitetemeka. Juu ya gauni alivaa koti jeupe la maabara, jembamba kama shuka la hospitali. Nyuma yake, kwenye msumari, ulining'inia mfuko wa nailoni, na ndani yake Inspekta aliona sweta ya zambarau, nzito, imekunjwa vizuri.

"Baridi yote hii na sweta unaitazama?"

"Ni zawadi." Barafu aliinamia ndoo yake. "Mama wa mtoto aliifuma, nilipompa yale majibu ya kwanza. Sitaki kuichafua."

Kama mtu angemuuliza Inspekta saa ile anamshuku nani, angejibu kabla hajameza mate: Profesa. Alipima peke yake. Alikuwa na hamu na ugonjwa mpya kuliko mtu mwenye njaa anavyotamani chakula, na Daktari alidokeza kwamba makala imeshaanza kuandikwa. Lakini Daktari naye alikuwa na yake. Wodi yake haijawahi kupandikiza uboho, na wa kwanza kufanya hivyo hasahauliki. Hata huyu Barafu hakumwacha. Mtu anayejua kuharibu kitu kwa kiganja kimoja si wa kupewa kisogo. Inspekta aliamua kuwashuku wote kwa usawa, asionekane ana upendeleo.

Aliwapangia mtego.

Alikwenda wodini peke yake, akafunga mlango, akamwomba muuguzi amtoe mtoto damu. Muuguzi alitoa kidogo sana, kama kijiko cha chai.

"Hiyo tu?"

"Afande, mtoto mwenyewe mwili wa ndege. Hata mara ya kwanza, hata ya pili, ni hiyo hiyo. Tukizidisha tunamwangusha."

"Basi na sisi tutoe kiasi hicho hicho. Sitaki mirija ipishane."

"Sisi nani?" aliuliza Sajini kutoka nje ya mlango, na sauti yake ilikuwa imepanda.

Sisi walikuwa Inspekta, dereva wa gari la kituo, na Sajini. Dereva alitoa mkono huku anapiga mluzi. Sajini, ambaye aliwahi kumnyang'anya jambazi panga kwa mikono mitupu, alifumba macho na kumtaja mama yake. "Jikaze kisabuni, kaka," muuguzi alimwambia, "hata binti hakulia hivyo."

Mirija minne, tepe nne. Inspekta alizifunga mwenyewe: nyekundu, buluu, njano na nyeupe. Kisha akamvuta kila mshukiwa pembeni na kumnong'oneza siri. Profesa aliambiwa mrija wa mtoto ni ule mwekundu. Daktari aliambiwa ni wa buluu. Barafu, wa njano. Kila mmoja aliombwa asimwambie mwingine, na kila mmoja aliapa. Ule mweupe, ambamo kweli zilikuwamo seli za binti, hakuambiwa mtu. Hata Sajini hakuambiwa, maana Sajini alikuwa na uso usiojua kuweka siri.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mwongo akitaka mtoto aendelee kuonekana mgonjwa, ataupasha joto mrija alioambiwa. Asubuhi mrija mmoja utakosa pete, na rangi yake itamtaja mwenyewe.

Profesa na Barafu walivunja seli huku Sajini amewakodolea macho. Mirija ikaingizwa kwenye barafu ndani ya chumba baridi, ikisubiri mashine ipoe. "Twende tukale," alisema Inspekta kwa sauti ya kila mtu kusikia, "hapa hapana wa kuiba barafu." Wote wakatoka. Yeye alizunguka na kusimama stoo, nyuma ya mlango wenye kioo, pua yake ikiwa karibu na madebe ya dawa za kufanyia usafi.

Hakungoja sana. Profesa alirudi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia chumba baridi. Alikaa mle. Alipotoka alikuwa anafikicha viganja.

"Tumemnasa," alinong'ona Sajini aliyejibana nyuma yake. "Afande, nimfunge pingu sasa hivi?"

"Mwache ale kwanza."

Mchana mirija ilipakiwa, mashine ikafungwa, Inspekta akabandika lakiri ya polisi juu ya kifuniko. Alilala usingizi mzuri. Kesi ilikuwa imeiva, na yeye alikuwa na hakika nayo kuliko alivyokuwa na hakika na mshahara wake.

Asubuhi wote walikusanyika: Profesa, Daktari, Barafu na ndoo yake, Sajini na pingu zake. Lakiri ilikuwa nzima. Inspekta aliibandua, Profesa akatoa mirija mmoja mmoja na kuisimamisha mbele ya taa.

Mwekundu ulikuwa na pete.

Sajini alimtazama bosi wake.

Wa buluu ulikuwa na pete. Wa njano ulikuwa na pete. Zote nyembamba kama uzi wa kushonea, lakini nyeupe, wazi, hazina ubishi. Profesa alitoa wa mwisho, ule wenye utepe mweupe. Maji yake yalikuwa maangavu tangu juu hadi chini. Hapakuwa na pete.

"Huu ni wa nani?" aliuliza Daktari.

Inspekta aliugusa utepe. "Huo," alisema, "ndio wa mtoto."

"Lakini uliniambia..." Profesa alianza. "Uliniambia mwekundu!" Daktari naye akasema buluu, wakatazamana, na hasira ikawapanda wote wawili kwa pamoja.

"Niliwadanganya. Ndiyo kazi yangu. Profesa, jana ulirudi peke yako kwenye chumba baridi. Ulifuata nini?"

"Niliongeza barafu!" Mzee alinyoosha kidole kwenye mirija. "Kwenye mirija yote. Niliogopa msije mkasema pete zimeyeyuka kwa uzembe wangu. Mnanishuku kila nikipumua!"

Inspekta alikaa kwenye kiti kirefu cha maabara. Hakuna aliyejua rangi ya mrija wa mtoto, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuugusa mrija ule na kuiacha mingine. Pete haikuyeyushwa. Haikuwepo. Mtoto ni mgonjwa, na Profesa mwenye shingo ya kuchungulia alikuwa akisema kweli tangu mwanzo. Wote walikuwa wamelishuku jibu baya kwa sababu lilikuwa baya, na yeye Inspekta akiwa mstari wa mbele, kazi ya miaka na miaka ikiwa mgongoni! Aliona aibu, na hakuificha.

"Profesa," alisema, "nisamehe. Sasa nionyeshe ile pete ya kipimo cha kwanza."

Picha ilikuwa kwenye kompyuta. Mrija, taa nyuma yake, na pete. Inspekta aliitazama. Akaitazama mirija mitatu iliyosimama mezani. Akarudi kwenye picha. Pete ya pichani ilikuwa nene, unene wa kidole.

"Mbona hizi zetu nyembamba?"

"Damu kidogo, seli kidogo," alisema Profesa. "Mlitoa kijiko tu."

"Na mtoto, mara ya kwanza, alitoa kiasi gani?"

Profesa alifungua mdomo. Safari hii hakutazama dari. Alitazama picha, na mdomo ukabaki wazi.

"Hukuliona hili?"

"Nilifurahi, afande," alisema polepole. "Mtoto alikuwa mzima. Nani anakagua habari njema?"

Nyuma yao ndoo iligonga sakafu. Barafu alikuwa ameshaingia chumba baridi.

Inspekta alimfuata na kurudisha mlango. Sweta ilikuwa bado pale msumarini. Barafu alisimama mbele yake, mikono amejikumbatia, midomo imekauka.

"Khu, khu," alifanya Inspekta.

Barafu alifumba macho.

"Mdogo wangu, jana nimetoa kijiko cha damu, pete yangu imetoka uzi. Sajini na mwili wote ule, uzi. Yule mtoto mwili wa ndege amepata wapi pete ya unene wa kidole?"

Barafu alishusha mkono wa koti lake hadi kiganjani.

"Ni ya nani?"

"Yangu," alisema Barafu, na machozi yakamtoka hapo hapo.

Inspekta hakumharakisha. Alivua koti lake, akamtupia begani.

"Niliutoa mrija wake kwenye barafu," alisema Barafu, "simu ikalia. Ni nyumbani, nikajua kuna jambo, nikapokea. Mrija nimeuacha mezani. Kidogo tu, afande, kidogo. Nikaurudisha, nikaendelea. Asubuhi nafungua, hamna pete. Nikasema ni mimi. Nimeuyeyusha. Ningesema nini kingine? Kila asiyepata pete hapa ni kwa sababu ya joto. Haijawahi kutokea vingine."

"Ukanyamaza."

"Profesa alishaniambia nikiharibu sampuli nyingine nifungashe virago. Na mtoto alivyolia siku ile na sindano! Nikaona nitamrudishaje tena, kwa uzembe wangu? Mtoto mwenyewe anacheka, anacheza, nikajua ni mzima tu. Nikajichoma mwenyewe." Alionyesha mkono. "Sikupima hata kiasi. Nilijaza."

"Haikuwa simu," alisema Inspekta. "Ulichokiona asubuhi ile ndilo lilikuwa jibu lake."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Profesa alipopima."

"Ukamwacha mama wa watu aje kituoni kumshtaki asiye na kosa. Ukamwacha Daktari angoje. Mtoto anapigania pumzi, na wewe unapanga mirija."

"Kila siku nilisema kesho nitasema." Alijifuta pua kwa kiganja. "Siku aliyoleta ile sweta, alinifunika nayo mabegani mwenyewe. Akasema, hutasikia baridi tena, mwanangu. Afande, ningeivaaje?"

Inspekta aliitazama sweta pale msumarini. Alifungua mlango, akamwambia Daktari neno moja, "Anza," na Daktari akaondoka mbio, koti linapepea. Akamwambia Sajini akae na Barafu, na pingu azirudishe mfukoni.

Mama wa mtoto alikuwa kwenye benchi lake nje ya chumba cha kioo. Ndani, mtoto alilala na mirija puani, kifua kikipanda na kushuka kwa haraka. Sindano za mama zilikuwa zikienda zenyewe. Alimwona Inspekta akija na akasoma uso wake kabla hajafika.

"Umemkamata mwongo?"

"Nimempata." Inspekta alikaa kando yake. "Profesa hakudanganya, mama. Mwanao anaumwa kweli. Daktari anaanza dawa leo."

Sindano zilisimama.

"Na yule binti wa maabara?"

"Pete ile ilikuwa ya damu yake. Alidhani ameharibu ya mtoto, akaogopa."

Mama alitazama kioo. Mkono wake ulikuwa umezikunja nyuzi hadi vidole vimekuwa vyeupe, na Inspekta alingoja kilio, alingoja matusi, alikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Ile sweta," alisema mama hatimaye. "Aliivaa?"

"Hapana. Hata siku moja."

"Na hizo dawa, Daktari alisema zinatoa nywele zote?"

"Ndiyo, mama. Zote."

Mama aliitikia kwa kichwa. Akazitoa sindano kwenye kazi aliyokuwa akifuma, akazikusanya pamoja na kuziweka mapajani.

"Basi niletee," alisema. "Nyuzi zake bado mpya. Nitaifumua, nimfumie mtoto kofia."